Miaka 250 ya oksijeni: zebaki iliyogombanisha Ulaya bado inachomwa Mara

Agosti mosi 2024 ilitimia miaka 250 tangu Joseph Priestley, mchungaji wa Kiingereza, alipoelekeza lenzi kubwa ya jua kwenye unga mwekundu wa zebaki na kupata hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Wanafunzi wa Nyamuswa, wilayani Bunda mkoani Mara, hukutana na hewa hiyo darasani kwa jina la oksijeni. Zebaki yenyewe haiko mbali nao: katika machimbo ya Buhemba, wilaya jirani ya Butiama, wachimbaji wadogo wameitumia kukamatia dhahabu.

Kemia ya kisasa ilizaliwa kwenye ugomvi juu ya unga ule. Oktoba 1774 Priestley alikula chakula cha jioni Paris nyumbani kwa Antoine Lavoisier, akasimulia mezani alichokiona. Mfamasia wa Sweden, Carl Scheele, alikuwa ameipata hewa hiyo kabla yao wote wawili na kumwandikia Lavoisier Septemba mwaka huohuo, lakini kitabu chake kilichelewa hadi 1777. Lavoisier aliandika baadaye kwamba wameigundua wote watatu karibu wakati mmoja. Priestley hakulisahau jambo hilo. Uzeeni alikuwa bado akiwakumbusha watu ile karamu ya Paris.

Hata hivyo, ukisoma maelezo ya Lavoisier katika kitabu chake cha 1789, unaona kwa nini historia ilimwegemea. Alitia wakia 4 za zebaki katika mtungi wa kioo wenye shingo iliyopinda, akaichochelea moto siku 12 mfululizo. Magamba mekundu yakaota juu ya zebaki, na hewa iliyofungiwa ikapungua kutoka inchi za ujazo 50 hadi 42 au 43. Akayakusanya magamba hayo, punje 45 kwa uzito, akayachoma kwa moto mkali zaidi. Zikarudi punje 41 na nusu za zebaki, pamoja na inchi 7 hadi 8 za hewa, karibu sawa na ile iliyopotea. Kwa hiyo unga mwekundu ulikuwa kampaundi, nayo zebaki na oksijeni ni elementi. Priestley aliona hewa mpya; Lavoisier aliipima, kisha akaieleza.

Priestley alikataa maelezo hayo mpaka kifo chake mwaka 1804, akiwa Marekani, alikohamia baada ya nyumba na maabara yake kuchomwa na wafanya fujo mjini Birmingham mwaka 1791. Lavoisier alikatwa kichwa na wanamapinduzi mwaka 1794. Wanakemia waliofuata wakaendeleza kazi hiyo: Dalton akaja na atomi zake, Mendeleev akapanga jedwali la elementi mwaka 1869, na mwaka 1916 Lewis akaeleza jinsi atomi zinavyoshirikiana jozi za elektroni.

Sasa turudi Mara. Dhahabu ya Buhemba ilichimbwa tangu enzi za ukoloni. Baadaye ikaja kampuni ya Meremeta, na wachimbaji wadogo wapo hadi leo. Mawe husagwa kwenye karasha, mchanga huoshwa, kisha zebaki hukorogwa ndani ya karai. Dhahabu ni elementi namba 79, zebaki namba 80. Zikikutana, hakuna inayompa mwenzake elektroni kama sodiamu inavyoipa klorini. Elektroni za nje huwa mali ya atomi zote, kama malisho ya kijiji yasiyo na mwenyewe. Ndiyo maana donge linalopatikana bado ni metali laini, na moto unatosha kuzitenganisha: zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, dhahabu huyeyuka kwa 1,064.

Donge hilo likichomewa wazi, mvuke wa zebaki huingia mapafuni na kudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Unaotua majini hugeuzwa na bakteria kuwa zebaki ya methili, kampaundi ya aina iliyoangamiza wavuvi na familia zao Minamata, Japani, maradhi yalipotangazwa rasmi mwaka 1956. Tanzania iliridhia mkataba unaobeba jina la mji huo mwaka 2020.

Kinga dhidi ya sumu hiyo ingeweza kuanzia darasani. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia. Majengo mengi yalisimama kwa michango ya wananchi, na wananchi wana haki ya kujivunia. Lakini jengo lisilo na kemikali wala fundi wa maabara halifundishi, na ni aibu mtoto wa Mara kukariri aina za bondi za kikemia bila kuambiwa kinachotokea ndani ya karai la baba yake. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke ili zebaki irudi kuwa kimiminika, kinafuata kanuni ileile ya mtungi wa Lavoisier. Kinaweza kuchorwa ubaoni Kidato cha Pili, katika somo la bondi, na mafundi wa kuchomelea chuma wa Bunda wana uwezo wa kukitengeneza.