Saa ya Dakika Mbili na Kamera ya Mtaani

Skeita wa Marekani wana njia mbili za kuoneshana nani fundi. Moja ni mashindano: rampu, majaji, muda mfupi, alama ubaoni. Nyingine ni filamu. Mtu anazunguka mjini miezi na miezi akiwa na rafiki mwenye kamera, anaporomoka kwenye ngazi zilezile siku baada ya siku, mpaka inafika jioni anatua, na zile sekunde tano zinaingia kwenye kanda ambayo wenzake wataitazama hadi ichakae. Stacy Peralta alipotoa The Bones Brigade Video Show mwaka 1984, kanda ya namna hiyo ikawa cheti. Wapo walioheshimiwa kote duniani bila kubeba kombe lolote, kwa sababu tu ya dakika chache walizoonekana kwenye kanda.

Nazitaja njia hizi kwa sababu gemu mbili kubwa za skeitibodi zimegawana urithi huo, na mgawanyo unaonekana vizuri zaidi kwenye matoleo ya pili. Toleo la kwanza la gemu yoyote huwa na shughuli moja kuu, kuhakikisha ubao unateleza. La pili ndilo huamua kuteleza huko ni kwa ajili ya nini. Tony Hawk's Pro Skater 2 ilitoka Septemba 2000, Skate 2 ikatoka Januari 2009. Nimezicheza zote mbili vya kutosha kujua ninayoipenda zaidi, na nitasema.

Neversoft, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1994, haikuanza na skeitibodi. Ilikuwa ikitengeneza Apocalypse, gemu ya bunduki na milipuko iliyobeba sura ya mwigizaji Bruce Willis. Activision ilipowapa kazi ya kujaribu gemu ya skeitibodi, waliichukua injini hiyohiyo, na jaribio aliloletewa skeita Tony Hawk alitazame lilikuwa na Bruce Willis juu ya ubao. Hawk aliicheza, akakubali. Alipopewa ofa ya kulipwa nusu milioni ya dola kwa mkupuo mmoja, akakataa na kuchagua gawio la mauzo. Sijui kama yupo mwanamichezo aliyewahi kupiga hesabu nzuri kuliko ile.

Hawk ni mtoto wa mashindano. Tarehe 27 Juni 1999, kwenye X Games za San Francisco, alizunguka hewani mara mbili na nusu akatua, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya mashindanoni. Lililo tamu zaidi ni kwamba muda ulikuwa umeshakwisha. Alianguka, akapanda tena rampu, akaanguka, na hakuna mwamuzi aliyethubutu kumteremsha. Gemu ya kwanza iliingia madukani miezi michache baadaye, nayo ina kanuni inayofanana na usiku ule: kila mzunguko una dakika mbili, lakini saa ikigonga sifuri huku uko hewani au unaserereka kwenye bomba, mchezo haukukatizi. Unaruhusiwa kumaliza sentensi uliyoianza.

Toleo la pili lilitengenezwa kwa mwaka mmoja tu, kwa mashine ileile ya PlayStation yenye kumbukumbu ya megabaiti mbili, wakati kila mtu akiisubiri PlayStation 2. Hapakuwa na nafasi ya kubadilisha sura ya mambo. Waliongeza karakana ya kujenga uwanja wako mwenyewe, wakaweka pesa za kununulia ubao na staili, wakamwingiza Rodney Mullen, yule bingwa wa kucheza chini kwenye sakafu tambarare. Halafu wakaongeza kitu kimoja kidogo kilichobadilisha kila kitu: manyuali.

Manyuali ni kutembeza ubao kwa magurudumu mawili, pua au mkia ukiwa juu. Mtaani ni staili ya kawaida. Kwenye pedi unafanya hivi: kabla hujagusa ardhi, kidole gumba kinabonyeza juu kisha chini, upesi, na pembeni mwa skeita kinatokea kipimo cha wima chenye mshale unaopanda na kushuka kama umelewa. Kazi yako ni kuuzuia usifike mwisho wowote. Ukiuzuia, staili uliyotoka kuifanya haijafungwa bado. Unaweza kutoka kwenye bomba, ukavuka sakafu kwa manyuali, ukarukia ukingo wa pili, na yote yakahesabika kuwa tendo moja. Hesabu yenyewe ni ya kinyama: alama za staili zote zinajumlishwa, kisha zinazidishwa kwa idadi ya staili. Staili nne za jumla ya alama 2,000 ni 8,000. Ukiongeza ya tano unapata zaidi, na woga nao unaongezeka, maana ukianguka unaondoka na sifuri.

Kwenye toleo la kwanza sakafu ilikuwa mahali pa kupumzika kati ya rampu na rampu. Sasa ikawa kiungo. Msomaji wa mashairi yetu ataitambua kazi hii mara moja, kwa sababu ndiyo ya pindu: maneno yanayofunga ubeti yanachukuliwa kufungua ubeti unaofuata, na mtunzi hapati pa kuvuta pumzi. Pindu zuri halipimwi kwa ubeti mmoja mmoja. Linapimwa pale kwenye maungio, kama mtunzi ameupata mwanzo wa ubeti mpya ndani ya mwisho wa ubeti uliopita, au ameulazimisha. Wachezaji wa Pro Skater 2 walianza kutazama viwanja kwa jicho hilo. Bomba halikuwa tena bomba, lilikuwa mahali pa kutokea kwenda kwingine. Kwenye Metacritic toleo la PlayStation bado lina alama 98 kwa 100, na sioni gemu nyingi za michezo zinazostahili kukaa karibu nalo.

Tatizo la pindu ni kwamba mtunzi hodari anaweza kuliendeleza hadi wasikilizaji waondoke. Mwaka 2001 toleo la tatu likaleta namna ya kugeuza ubao baada ya kushuka kwenye rampu ili mnyororo usikatike hata hapo. Mwaka 2002 toleo la nne likaondoa saa ya dakika mbili. Mwaka 2003, Tony Hawk's Underground ikamruhusu skeita ashuke kwenye ubao na kutembea. Na angalia walivyomtembeza: ukishuka katikati ya mnyororo, saa ndogo inaanza kuhesabu kurudi nyuma, na ukiwahi kurukia ubao kabla haijaisha, alama zako ziko salama. Hata miguu ikawa sehemu ya mnyororo. Kufikia hapo mtu mwenye vidole vyepesi anakusanya alama kwa mamilioni bila kujali yuko uwanja gani, na sehemu kubwa ya kinachoendelea kwenye skrini haitazamwi tena, kinachotazamwa ni mshale.

Katika uchovu huo ndipo EA Black Box ya Kanada ilipoingia na Skate, mwaka 2007. Walichobadilisha kwanza ni mkono. Kwenye pedi ya Hawk kitufe kimoja ni kuruka, kingine ni kupindua ubao. Hapa vitufe vimenyamaza na kijiti cha kulia kimekuwa miguu. Unakivuta chini, skeita anachuchumaa. Unakirusha juu, anaruka. Unakirusha juu kwa mshazari, ubao unapinduka chini ya viatu. Ukisita katikati, mruko unakuwa wa kitoto. Kamera ya gemu nayo imeshuka, inafuata karibu na lami kwa nyuma, pale hasa angekaa rafiki mwenye kamera yenye lenzi ya jicho la samaki. Mji wenyewe, San Vanelona, umeunganishwa kutoka San Francisco, Vancouver na Barcelona, miji ambayo mashabiki wa kanda wanaijua ngazi kwa ngazi. Ukishatua, unaweza kurudisha nyuma, ukachagua pembe, ukakata, ukaihifadhi filamu yako.

Ilikuwa gemu nzuri yenye aibu moja. Skeita hakuweza kushuka kwenye ubao. Bingwa anayeruka ngazi kumi anasimama chini yake kama gari lililokosa barabara, kwa sababu hawezi kuzipanda.

Skate 2 ilimpa miguu, na hapa ndipo ninapotaka msomaji aziweke gemu hizi mbili kando kwa kando. Ruhusa ni ileile iliyotolewa na Underground miaka sita kabla. Matumizi ni tofauti kabisa. Kutembea kwenye Skate 2 hakuna saa wala alama. Unashuka ili ufanye kazi: unashika benchi, unalikokota kwa shida hadi ukingoni, unarudi juu, unajaribu, unaona limekaa vibaya kwa nusu hatua, unashuka tena, unalisogeza. Hiyo ndiyo adhuhuri ya skeita wa kweli anayetafuta sekunde tano za kanda. Lazima niseme pia kwamba miguu yenyewe ni mibovu. Skeita anageuka kama kabati linalosukumwa, na mara nyingi nimempigiza ukutani nikitaka tu apande ngazi tatu. Neversoft wasingeachia kitu kigumu kutumia namna ile. Lakini wasingekifikiria pia.

Kuna la mji vilevile. Pro Skater 2 ina uwanja wa Philadelphia wenye LOVE Park ndani yake, bustani ya mawe laini ambayo kwa skeita wa miaka ya 1990 ilikuwa kama msikiti mkuu. Kwenye gemu hakuna anayekukimbiza. Askari utakayemkuta ni mhusika wa siri, ambaye ukimfungua unaweza kumchagua na kumchezesha. Katika Philadelphia ya kweli mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 2002 jiji lilipowafungia skeita bustani ile, Edmund Bacon, mpangaji miji aliyeibuni dhana ya mahali pale, alikwenda kupinga akiwa na miaka 92, akavaa kofia ngumu, akapandishwa kwenye skeitibodi huku ameshikwa ili asianguke, akateleza ndani ya bustani. Tukio lile lingekaa vizuri kabisa ndani ya Skate 2. Kwenye gemu hiyo mji umejengwa upya baada ya maafa, kampuni moja imeutia mkononi, walinzi wanakukimbilia na kukubwaga, na kingo nzuri zimepigwa vyuma ili zisiteleze. Kuna watu unaowapigia simu waje kuving'oa vyuma, au kukausha bwawa la kuogelea. Mahali hupewi. Unapaandaa kwanza.

Skeita wa kwetu wanaijua hali hiyo kuliko wa California. Vijana wa Kitintale, Kampala, walianza na kumimina saruji wenyewe mwaka 2006, kwa kuwa hapakuwa na ukingo laini wa kugombania na askari.

Turudi kwenye ushairi. Katika miaka ya 1970, mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi na wenzake wakaacha vina na mizani, walinzi wa arudhi waliuliza swali la haki: mkitupa kanuni, fundi na mbabaishaji watatofautishwa na nini? Swali hilohilo waliulizwa Black Box. Bila saa, bila kizidisho, nani atajua kwamba nimecheza vizuri? Jibu la Skate 2 linanishawishi nusu. Kanuni imehama kutoka kwenye skrini ikaingia kwenye kidole. Kuruka ngazi tano kwa mpinduo safi, ubao ukitua ukiwa umenyooka, kunaweza kukuchukua nusu saa, na ukifaulu unajua bila kuambiwa. Nusu ya pili hainishawishi, kwa sababu mchezo wenyewe haukuamini jibu lake. Umejaa misheni zinazodai alama kadhaa ndani ya sekunde kadhaa, yaani zinakurudisha kwa majaji kupitia mlango wa uani. Wakati huo ndipo ninapoitamani Pro Skater 2, ambayo haikuwahi kuona haya kuhesabu.

Ikiwa lazima nichague, nachagua ya mwaka 2000. Ni kazi iliyotimia, na hakuna kitu ndani yake kinachomsumbua mchezaji bila sababu. Skate 2 ni kazi pungufu yenye wazo kubwa zaidi, na kilichonikera ni jinsi warithi wake walivyolitendea wazo hilo. Skate 3, mwaka 2010, ilikupa orodha: unachagua benchi au rampu, inashuka mbele yako kutoka hewani, umemaliza. Huhitaji tena kukokota. Skate mpya iliyofunguliwa Septemba 2025 na studio ya Full Circle ya Vancouver imefuata njia hiyo, unadondosha kifaa unapotaka, na skeita wake sasa anapanda kuta kwa wepesi ambao yule wa 2009 angeuonea wivu.

Upande wa pili umerudi nyuma kwa namna yake. Julai 2025 matoleo ya tatu na ya nne ya Tony Hawk yalitolewa upya kwa pamoja, na viwanja vya toleo la nne, vile vilivyojisifu mwaka 2002 kuwa havina saa, vikawekewa dakika mbili. Mashabiki wengi walilalamika kwamba wameibiwa uhuru wao. Mimi nilizicheza dakika hizo mbili nikaona viwanja vile vimepata umbo ambalo havikuwa nalo: kona ya mbali sasa ina gharama, na manyuali ya kuifikia ni uamuzi tena.