Debe la Mafuta ya Taa na Uzito wa Maji

Katika maabara za sekondari za Busia na Malaba, kama kwingineko Kenya, mwanafunzi hupima chombo kikiwa kitupu, hutia maji sentimita za ujazo 100, hupima tena, kisha hutoa. Tofauti ikikaribia gramu 100, mwalimu huridhika: densiti ya maji ni gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo. Ikitoka 94, ama maji yalimwagika au jicho lilisoma mahali pasipo pake.

Jibu hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1795 Wafaransa waliamua kwamba gramu iwe uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji. Waingereza, kwa sheria ya 1824, waliifanya galoni kuwa nafasi inayojazwa na ratili 10 za maji. Hesabu hii ya pili ndiyo iliyoingia masoko ya mpaka wa Kenya na Uganda, tena bila mwalimu.

Iliingia ndani ya debe.

Mpaka wenyewe ulikuwa mchanga. Hadi 1902 Busia ilihesabiwa upande wa Uganda, na reli inayopita Malaba ilifika Kampala 1931. Mafuta ya taa yalisafirishwa kwa makopo ya bati ya pembe nne, galoni 4 hivi kila moja. Yakiisha, nani angetupa bati zuri kama hilo? Lilichotewa maji, likapimiwa mahindi na wimbi.

Hapo ndipo maji na nafaka vilipoachana. Debe la maji lina ratili 40, yaani kilo 18 na kidogo. Debe lilelile la mahindi makavu, likifutwa juu, lina kilo 13 au 14 tu, kwa kuwa kati ya punje na punje pamekaa hewa. Mnunuzi analipia hewa hiyo pia, ndiyo maana hudai kilele. Muuzaji naye hudai mfuto. Gorogoro, lile bati la mafuta ya kupikia linalohesabiwa kilo 2 hivi, limerithi ugomvi huohuo, na zaidi: kitako kikigongwa kiingie ndani, kipimo hupungua na bati likabaki na sura yake. Anayeuza kwa mizani ana ujanja mwingine, maana unyevu una uzito. Kiwango cha Afrika Mashariki huruhusu asilimia 13.5, basi.

Siku hizi densiti hupita Malaba kwa malori. Tangu bomba la mafuta lilipofika Eldoret mwaka 1994, matangi ya Uganda yamekuwa yakijazwa huko, kwenye baridi ya nyanda za juu, kisha yakiteremka kwenye joto. Lita 30,000 za dizeli zikiongezeka joto kwa nyuzi 10, huvimba kwa lita 250 hivi bila tone kutiwa. Kwa hiyo mpimaji hutumbukiza haidromita pamoja na kipimajoto, na namba ya kwanza haina maana bila ya pili.

Haidromita husaidia pia kushuku dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni mepesi zaidi kidogo. Uchanganyaji huo ulinoga Kenya kwa sababu ya kodi ndogo ya mafuta ya taa, hadi serikali ilipoyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Mafuta ni yaleyale yaliyoleta debe.