Mahojiano ya kazi: Kila dai katika wasifu lahitaji shahidi

BARUA ya kuitwa kwenye mahojiano ikishafika, waombaji wengi hukimbilia mambo mawili: kutafuta suti ya kuazima na kutafuta mtu anayemjua mkubwa ndani ya ofisi. La kwanza halina ubaya. La pili ni hatari, kwani matangazo mengi ya nafasi za kazi katika utumishi wa umma nchini Kenya huonya kwamba atakayejaribu kushawishi apendelewe ataondolewa katika kinyang'anyiro. Katika pilkapilka hizo, jambo lenye uzito zaidi husahaulika: kujiandaa kuyatetea yale ambayo mwombaji mwenyewe aliyaandika alipotuma maombi.

Wasifu ndio karatasi ya mtihani. Wanajopo huwa nao mezani na maswali yao mengi hutoka humo. Aliyeandika kuwa ana ujuzi wa kusimamia fedha ataulizwa zilikuwa kiasi gani, zilitunzwa vipi na hesabu zilikaguliwa na nani. Asiyekuwa na jibu huonekana mwongo hata kama kazi hiyo aliifanya kweli. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kuusoma upya wasifu huo, sentensi baada ya sentensi, na kulitafutia kila dai shahidi wake: ama karatasi, ama kisa kifupi cha kweli.

Stakabadhi

Karatasi ndizo huwaangusha wengi kabla hata hawajafungua kinywa. Barua ya mwaliko huorodhesha zinazohitajika: kitambulisho cha kitaifa, vyeti halisi vya masomo, barua za waajiri wa awali na, kwa taaluma kama vile uuguzi au uhandisi, leseni ya bodi husika.

Majina yanapaswa kulingana katika karatasi zote. Mtu ambaye cheti chake cha shule kina majina mawili ilhali kitambulisho kina matatu, au mwanamke aliyebadilisha jina baada ya kuolewa, anafaa kutayarisha mapema hati ya kiapo au cheti cha ndoa ili aeleze tofauti hiyo. Aliyepoteza cheti cha mtihani wa kitaifa naye awasiliane na Baraza la Mitihani (KNEC) kabla ya kuitwa, kwani shughuli hiyo haikamiliki kwa siku moja.

Katika utumishi wa umma kuna pia stakabadhi za kuthibitisha uadilifu, zinazohusishwa na Sura ya Sita ya Katiba ya mwaka 2010. Nazo ni cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), ithibati ya kulipa ushuru kutoka KRA, cheti cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), fomu ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) na ripoti ya shirika la kuhifadhi rekodi za wakopaji (CRB).

Kwa miaka mingi vijana walilalamika kwamba hugharamika kuzitafuta stakabadhi hizi na kazi wasipate. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yalilenga kuondoa mzigo huo: mwajiri anaruhusiwa kuzidai tu pale anapokusudia kuingia katika mkataba wa maandishi na mhusika. Hata hivyo, ni busara kusoma tangazo na barua kwa makini, na kujua mapema iwapo kuna deni au marejesho ya ushuru yaliyosahaulika. Akipewa kazi, mtu huyo hatakuwa na muda wa kuhangaika.

Kughushi cheti si njia ya mkato bali ni shimo. Mnamo Februari 2024, PSC ilitoa ripoti ya ukaguzi iliyoonyesha kwamba zaidi ya watu 2,000 katika taasisi za umma walikuwa wametumia vyeti ghushi. Ukaguzi wa aina hiyo humfikia hata aliyekwisha kufanya kazi miaka mingi, na huenda akatakiwa kurejesha mishahara aliyolipwa.

Kuifahamu taasisi

Swali la "unajua nini kuhusu shirika letu?" huulizwa karibu kila mahali. Mwombaji anayeomba kazi katika kaunti anatarajiwa kujua idara za kaunti hiyo na majukumu yake chini ya mfumo wa ugatuzi. Mpango wa maendeleo wa kaunti pamoja na bajeti yake ni nyaraka za umma. Anayezisoma hata kwa saa moja huingia chumbani akiwa na mengi ya kusema.

Wahojaji wa kazi za umma pia hupenda kuuliza kuhusu Kifungu cha 232 cha Katiba, kinachotaja maadili ya utumishi wa umma: matumizi bora ya rasilmali, huduma ya haraka isiyo na mapendeleo, uwajibikaji, uwazi, kuajiri kwa kuzingatia ustahiki, na nafasi sawa kwa wanawake, wanaume, jamii zote na walemavu. Kukariri orodha hiyo hakutoshi. Anayeomba kazi ya ukarani wa stoo hospitalini aweze kueleza uwajibikaji una maana gani dawa zinapopungua na daftari lisionyeshe zilikokwenda.

Kupanga majibu

Mahojiano mengi huanza kwa kumwomba mtu ajieleze. Wengi hapo huanzia kijiji walikozaliwa, wakapitia shule ya msingi, na dakika zikayoyoma kabla hawajaigusa kazi yenyewe. Jibu zuri huchukua dakika mbili hivi na lina mambo matatu: kazi anayoifanya mtu sasa au aliyoifanya mwisho, ufanisi mmoja unaohusiana na nafasi hiyo, na sababu ya kuitaka.

Visa vya kuunga mkono majibu vitayarishwe kwa mpangilio: hali ilikuwaje, jukumu lake lilikuwa lipi, alifanya nini na matokeo yalikuwa yapi. Visa vinne au vitano vinatosha kujibu maswali mengi, yawe ya ugomvi kazini, kosa lililofanywa au kazi iliyokamilishwa kwa muda mfupi. Aliyetoka chuoni na hajawahi kuajiriwa asidhani kwamba hana la kusema. Mafunzo ya nyanjani, uweka hazina wa chama cha wanafunzi na hata kusimamia duka la mzazi ni ushahidi, mradi aeleze alichokifanya yeye mwenyewe.

Kuhusu udhaifu, jibu la "mimi hufanya kazi kupita kiasi" limewachosha wahojaji. Ni afadhali kutaja pengo la kweli lisiloigusa nguzo ya kazi hiyo, kisha kueleza hatua iliyochukuliwa kuliziba. Katika kazi za umma mshahara hufuata gredi, na gredi hiyo mara nyingi huwa kwenye tangazo. Katika kampuni za kibinafsi inafaa kuuliza wenye taaluma hiyo viwango vilivyopo ili mtu asijipunje wala kutaja kiasi cha kushangaza.

Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Jopo linaweza kugeuka ghafla na kuuliza kwa Kiswahili, hasa kwa kazi ya kuhudumia wananchi, na aliyefanya mazoezi kwa lugha moja tu akababaika. Majibu yasemwe kwa sauti nyumbani mbele ya ndugu au rafiki asiyeogopa kukosoa.

Siku yenyewe

Nguo iwe safi, iliyopigwa pasi na isiyombana mwenyewe. Si lazima iwe ghali. Anayetoka mbali na asiyeufahamu mji afike jana yake au aizuru njia mapema, kwani msongamano wa magari haukubaliwi kuwa kisingizio. Vyeti viwekwe kwenye faili kwa utaratibu wa orodha iliyo kwenye barua, pamoja na nakala zake.

Tangu janga la corona mwaka 2020, waajiri wengi wameendelea kuhoji kwa njia ya video. Hapo maandalizi ni kujaribu sauti na kamera mapema, kununua data ya kutosha, kuijaza simu chaji iwapo umeme utapotea, na kutafuta mahali pasipo na kelele.

Maswali yasiyotarajiwa

Jopo huweza kuuliza lolote linaloonekana. Mwaka 2011, Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) ilipowahoji hadharani waliotaka wadhifa wa Jaji Mkuu, Dkt Willy Mutunga aliulizwa kuhusu kipuli alichovaa sikioni. Aliueleza msimamo wake bila kuona haya, na mnamo Juni mwaka huo akaapishwa. Miaka iliyopita bila kazi, kufutwa au kozi iliyokatizwa ni mambo yanayofaa kutayarishiwa jibu fupi la kweli.

Hata hivyo kuna mipaka. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza kumbagua anayeomba kazi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa au virusi vya HIV. Kesi ikifika mahakamani, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu HIV nayo inakataza kumlazimisha mtu apimwe ndipo aajiriwe. Anayeulizwa iwapo ana mpango wa kupata mtoto anaweza kujibu kwa upole kwamba hakuna kinachomzuia kutekeleza majukumu yaliyotangazwa, kisha akaliandika swali hilo pindi anapotoka, pamoja na tarehe na saa.

Anayeitisha pesa ili "kuharakisha" barua ya kazi, au kutaka ada ya mahojiano itumwe kwa simu, anafaa kuripotiwa. Familia nyingi zimeuza ng'ombe au kukopa katika chama kwa ahadi za namna hiyo, na kazi haikuonekana.

Wapo watakaojiandaa vyema na bado wakose, kwa kuwa nafasi ni chache na wanaozitafuta ni wengi. Hao wasiitupe faili. Maswali yaliyoulizwa yaandikwe jioni hiyo hiyo yangali akilini, na vile visa vinne au vitano viboreshwe, kwani jopo lijalo litauliza mengi yanayofanana nayo. Akiba haiozi.