Nyumba ya Ardhini na Wazee Wake
Tlawi, Mbulu

Wairaqw walichimba nyumba za aina hii ubavuni mwa kilima, wakapanga miti juu na kuifunika kwa udongo hadi paa likawa sawa na ardhi. Walijificha hivyo wao na ng'ombe wao dhidi ya uvamizi wa Wamasai. Binadamu na mifugo walilala chini ya paa moja. Jiwe la kusagia lilikuwa la akina mama: walipiga magoti, wakasukuma kwa mikono miwili mpaka mtama ukawa unga.

Mkazi wa hapa aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa na miaka 21 Tanganyika ilipopata uhuru, 34 watu walipohamishiwa vijijini katika Operesheni Vijiji ya 1974, na 62 Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002. Maisha hayo yanastahili kuhifadhiwa kama nyumba yenyewe.

Kwa Wairaqw, mzee kama huyo ndiye huongoza slufay, sala ndefu ya kishairi ya kuombea mvua, afya na amani, na waliokusanyika huitikia.

Mgeni, usipande juu ya paa. Ukimkuta mzee, msalimie kwanza, kisha mwombe akusimulie.