Ubao wa Kupapaswa, Picha ya Kusimuliwa

Waluba wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, waliihifadhi historia yao katika kitu cha kushika mkononi. Lukasa ni ubao mdogo wa kuchongwa, uliopambwa kwa shanga na kauri. Mjuzi wa chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, akaupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia huku akisimulia: mfalme huyu, safari ile, ukoo fulani na makao yake. Pasipo kidole na wasikilizaji, ubao ulibaki bubu. Ndiyo maana huniuma kuona mbao hizo zimelazwa nyuma ya vioo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, ambako kidole cha mtu hakiruhusiwi kuzifikia.

Siku hizi maonyesho yanayoweka pamoja sanamu za kuguswa na michoro ya msanii anayesimulia maisha yake husifiwa kama uvumbuzi. Anayeijua Lubumbashi, mji mkubwa wa Katanga, hawezi kukubali upesi hivyo.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ukakua juu ya shaba ya kampuni ya Union Minière. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga aliyejenga picha kwa mistari myembamba, na Bela Sara aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Kazi zao ni nzuri, nami nazipenda. Ila nyingi zilinunuliwa na Wazungu, na humo hamna dalili nyingi za treni, chimbo wala kamponi ya wafanyakazi.

Maisha hayo yaliingia katika picha kwa mlango mwingine. Kufikia miaka ya 1970, wachoraji wa mitaani waliuza kazi zao nyumba kwa nyumba: mamba muntu (mwanamke-samaki), Lumumba, na ile iliyojulikana kama Colonie belge, yenye mfungwa anayechapwa mbele ya ofisa wa kikoloni. Watu walizitundika sebuleni, wakaziita ukumbusho. Mgeni akiuliza, baba mwenye nyumba alianza kueleza yaliyompata yeye au mzazi wake. Mchoraji alikuwa amechora mkasa wa watu wengi; mwenye nyumba ndiye aliyeugeuza kuwa tawasifu. Hapo naona undugu na lukasa, japo mkono umepisha ulimi.

Aliyefika mbali zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Lubumbashi, picha zaidi ya 100 za historia ya nchi: mababu, ukoloni, uhuru, vita vya Katanga, utawala wa Mobutu, na hata mambo aliyoyaona yanakuja. Nyingi alizichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Alijiona mwanahistoria, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian aliyarekodi mazungumzo hayo, kisha mwaka 1996 akayachapisha pamoja na picha. Mtu aliyekuwa kijana mdogo Katanga ilipojitenga mwaka 1960 alikuwa akisimulia mji uliomlea, na kunyamaza mbele ya picha hakukuwamo katika kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika.

Tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, uliwaita wakazi wenyewe walete kumbukumbu zao, na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yakawapa nafasi. Wenye vitu na masimulizi ndio waliokuwa na neno. Kwangu hayo ni maonyesho ya pamoja kuliko mengi yanayojiita hivyo.

Mwaka 2008 Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha Picha, kituo kinachoandaa maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Lubumbashi. Katika kizazi hicho yumo Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa mwaka 1974 na kusomea umeme. Huunda mashine kwa katoni, waya na vipande vya elektroniki vilivyotupwa, katika mji unaochimba shaba huku ukikatiwa umeme. Katika Biennale ya mwaka 2019 yeye, Baloji, Daddy Tshikaya na wasanii wengine walionyesha gari la Tesla la ukubwa halisi lililosukwa kwa waya wa shaba. Mtoto yeyote wa Katanga aliyewahi kujitengenezea kigari cha waya anaelewa kazi hiyo kwa vidole kabla hajasoma maelezo ya ukutani. Kisha litakuja swali la lithiamu ya Manono, madini ya betri za magari kama hilo: itachimbwa na nani, na nani ataendesha gari?

Picha za Tshibumba ziko Amsterdam, katika mikusanyo ya makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Zimetunzwa vizuri, sina shaka, lakini huko ni nani atakayesimama mbele ya picha ya mgomo wa wafanyakazi au ya kujitenga kwa Katanga akasema, "Hapa baba yangu alikuwepo"? Natamani zije Lubumbashi hata kwa miezi michache, zitundikwe kimo cha macho kando ya mashine za Katambayi, viti viwekwe vya kutosha, na wazee wa kamponi waalikwe kwanza, kabla ya mabalozi.