Mraibu katika Mchezo Usio na Mwisho

Neno uraibu lilikuwa na maana ya starehe kabla halijapata maana ya maradhi. Katika pwani ya Afrika Mashariki uraibu ulikuwa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vitu vilivyotafunwa barazani na kutolewa kwa mgeni kuwa dalili ya ukarimu. Aliyevizoea hakuonewa haya wala huruma. Siku hizi neno hilo limetwikwa mzigo mwingine. Humtaja mtu ambaye kitu alichokianza kwa hiari yake kimemnyang'anya hiari yenyewe. Safari ya neno kutoka starehe hata utumwa ndiyo safari ya mraibu, na kuisimulia ni kazi ngumu. Mraibu huacha akarudia, hutubu akavunja toba, huondoka akarejea. Hadithi hutaka mwanzo, kati na mwisho. Maisha ya namna hii hayakubali mpango huo.

Hata hivyo upo mchezo wa kuigiza ambao asili yake ni kutokuwa na mwisho. Ulizaliwa katika redio za Marekani katika miaka ya 1930. Watengenezaji wa sabuni waliugharimia, wakitumaini kwamba akina mama wangeusikiliza huku wakifanya kazi za nyumbani, na kwa sababu hiyo mchezo wa jinsi hiyo ukaitwa kwa jina la sabuni mpaka leo. Mmoja wa waandishi wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Irna Phillips. Mchezo wake ulioitwa Guiding Light ulianza katika redio mwaka 1937, ukahamia katika televisheni mwaka 1952, ukadumu mpaka mwaka 2009. Katika Uingereza Coronation Street ulianza mwezi wa Desemba, 1960. Sheria ya michezo hii ni moja: kila jambo linalofungwa leo sharti liache ufa wa kesho. Mtu aliyefukuzwa huweza kurudi, na kosa lililosamehewa huweza kutendwa tena. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya biashara, lakini imetokea kufanana mno na tabia ya uraibu.

Mfano ulio bora wa kufanana huko ni Nick Cotton, mtu wa kubuniwa katika mchezo wa EastEnders. Mchezo huu uliundwa na Julia Smith na Tony Holland, na BBC ikauonyesha kwa mara ya kwanza tarehe 19 Februari, 1985. Mahali pake ni Albert Square, katika mtaa wa kubuniwa wa Walford, mashariki ya London. Tendo lake la kwanza kabisa ni kuvunjwa kwa mlango. Majirani waingia katika chumba cha mzee Reg Cox, wamkuta amezimia kitini, naye akafa baadaye. Ilikuja kujulikana kwamba aliyemwua ni Nick Cotton, kijana aliyekuwa mtumiaji wa heroini, mwizi na mtishaji. Katika mwaka uo huo alipata karatasi za siri za mganga zilizoibwa, akazitumia kumtoza fedha mwanamke aliyekuwa amenajisiwa katika utoto wake. Basi mraibu aliingia katika mchezo huu akiwa mwovu tangu saa ya kwanza.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kukumbuka hali ya nchi wakati ule. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 watu wasio na kazi katika Uingereza walizidi milioni 3. Wakati uo huo heroini ya rangi ya kahawia, iliyotoka hasa Iran na Pakistan, ilimiminika mijini kwa bei nafuu. Ilienea katika mitaa ya maskini ya Liverpool, Glasgow, Edinburgh na London miongoni mwa vijana ambao hawakuwa na kazi wala tumaini la kuipata. Mwaka 1985 serikali ilianza kubandika matangazo ya kuwatisha vijana kwa sura za watu waliokondeshwa na dawa hiyo. Hofu ilikuwa kubwa, na hofu hutafuta uso wa kuutazama. Nick Cotton alitoa uso huo: koti la ngozi, macho makavu, tabasamu lisilo na furaha. Mtazamaji aliyeogopa heroini aliweza kumchukia Nick, akadhani amekwisha kuielewa heroini.

Lakini katika mchezo huo huo alikuwapo mraibu mwingine, ambaye hakuchukiwa. Angie Watts, mke wa mwenye baa ya Queen Victoria, alikuwa mlevi. Alikunywa kwa sababu ya mume asiye mwaminifu, akamdanganya kwamba amebakiza miezi sita ya kuishi ili asiachwe. Siku ya Krismasi ya mwaka 1986 mume alimkabidhi hati ya talaka, na waliotazama, pamoja na waliotazama marudio, walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30. Watu walimlilia Angie. Pombe yake ilihesabiwa kuwa huzuni, ambapo heroini ya Nick ilihesabiwa kuwa uovu. Tofauti hiyo haikutokana na vitu vyenyewe, kwani pombe huua kama heroini iuavyo. Ilitokana na desturi: kimoja kiliuzwa mezani mbele ya macho ya watu wote, na kingine kiliuzwa gizani. Jamii humhurumia mgonjwa wa starehe yake yenyewe, ikamhukumu mgonjwa wa starehe ya wengine.

Lau Nick angekuwa peke yake, historia yake isingestahili kuandikwa. Angebaki jambazi mmoja katika majambazi wengi. Aliyeibadili ni mama yake, Dot Cotton, aliyeigizwa na June Brown tangu mwaka 1985. Dot alifanya kazi katika duka la kufulia nguo. Alikuwa Mkristo mwenye kushika dini, mwepesi wa kutaja maneno ya Biblia na mwepesi zaidi wa kuhukumu jirani. Sigara haikumtoka mdomoni. Hakuna aliyemwita mraibu, ijapokuwa hakuweza kustahimili saa moja bila ya moshi. Mama huyu, aliyewaona watu wote kuwa wakosefu, hakuliona kosa la mwanawe, na alipoliona aliliita jina jingine. Nick alipobisha hodi, mlango ulifunguliwa.

Alibisha mara nyingi. John Altman, aliyemwigiza, hakuwa mtu wa kila juma katika mchezo. Alikuja, akaharibu, akatoweka kwa miezi au miaka, akarudi. Mwaka 1990 alirudi akidai kwamba ameokoka. Mama alifurahi furaha ya mtu aliyejibiwa maombi. Kumbe kijana alitaka fedha ambazo mama alizishinda katika mchezo wa bingo, akaandaa kumtilia sumu katika chakula, na dakika ya mwisho moyo wake ukashindwa, akamzuia asile. Tendo hilo la kuzuia ni dogo, lakini lina maana. Liliwaonyesha watazamaji kwamba ndani ya yule mwovu alikuwamo mtu. Mtu huyo hakuwa na nguvu ya kutosha kukaa nje kwa muda mrefu.

Mwaka 1991 mchezo ulilikabili jambo lenyewe. Nick alirudi akiwa ameshikwa na heroini kuliko wakati wowote, na Dot akaamua kumponya kwa mkono wake. Alimfungia chumbani ili dawa imtoke mwilini. Wale wanaoyajua maumivu hayo katika pwani ya Afrika Mashariki huyaita arosto: jasho na baridi kwa pamoja, mifupa kuuma, tumbo kukataa chakula, usingizi kukimbia. Mama alikaa upande mmoja wa mlango na mwana upande mwingine, mmoja akiomba Mungu na mwingine akiomba ufunguo. Mapenzi yalikuwa ya kweli, lakini maarifa hayakuwapo, kwa kuwa kufuli si dawa. Nick alitoka kwa dirisha usiku, akamchoma kisu Eddie Royle, mwenye baa wa wakati ule, akamwua. Lawama ilimwangukia kwanza mtu asiye na hatia. Baadaye Nick alishitakiwa, mahakama ikamwachilia.

Hapa ndipo penye nguvu ya mchezo huu, na ndipo penye udhaifu wake. Nguvu ni kwamba ulionyesha uraibu kuwa jambo la nyumba nzima. Mgonjwa ni mmoja, lakini wanaokosa usingizi ni wengi. Udhaifu ni kwamba waandishi hawakuthubutu kumwacha mraibu awe mraibu tu. Sharti awe muuaji pia, kwa sababu mchezo unaotazamwa na mamilioni hudai matukio. Mtazamaji aliyekuwa na mtoto wa namna hiyo nyumbani aliweza kuona maisha yake katika uso wa Dot, lakini katika uso wa Nick aliona tishio ambalo mtoto wake hakulistahili. Waraibu walio wengi hawamwui mtu. Wanaowaumiza zaidi ni nafsi zao, kisha wale wawapendao.

Njia nyingine zilikuwapo. Mwaka 1986 BBC hiyo hiyo, katika mchezo wa watoto ulioitwa Grange Hill, ilimwonyesha mvulana wa shule aliyependwa, Zammo, akinaswa na heroini hatua kwa hatua. Hakuwa mwovu, na hiyo ndiyo iliyowashitua watoto. Waigizaji wake walirekodi wimbo wa kuwahimiza vijana kukataa dawa za kulevya, wakaalikwa katika ikulu ya Marekani. Tanzania nayo, katika mwezi wa Julai, 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mpenda pombe na wanawake, na mkewe Tunu aliyejifunza kusimama kwa miguu yake. Mchezo huo ulifuata utaratibu uliobuniwa Mexico na Miguel Sabido katika miaka ya 1970: awepo mtu wa kuigwa, mtu wa kuepukwa, na mtu anayesitasita baina ya hao wawili. Mkwaju alikuwa wa kuepukwa. Aliugua ukimwi akafa, na kifo chake kilikuwa somo.

Zammo na Mkwaju walitungwa ili wafundishe, kwa hiyo habari zao zilikuwa na upeo. Nick hakutungwa kumfundisha mtu yeyote, na kwa ajili hiyo aliachwa arudi. Mwalimu humaliza somo lake kengele inapolia. Ugonjwa hausikii kengele. Yamkini mchezo usiokusudia kufundisha ulisema ukweli mmoja ambao michezo ya mafundisho haikuweza kuusema, nao ni kwamba kurudia ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwamba anayempenda mraibu hawezi kujua ni kurudi kupi kutakakokuwa kwa mwisho.

Miaka ikapita. Mwaka 2001 Nick aliiharibu pikipiki ya adui yake, na aliyeipanda akafa ni Ashley, mwanawe mwenyewe. Mwaka 2008 alirudi pamoja na binti mdogo na njama mpya juu ya uhai wa mama yake. Mwaka 2014 Dot aliletewa habari kwamba mwanawe amekufa, akamlilia, akamzika; na kabla mwaka haujaisha marehemu akatokea yu hai, kwani kifo chenyewe kilikuwa hila. Katika mtu mwingine yeyote hila hiyo ingekuwa mzaha wa mwandishi. Katika mraibu ina ukweli mchungu. Mama wa mtu wa namna hiyo huomboleza kabla ya msiba, kisha hulipwa kwa kurudishiwa kilio chake.

Mwisho ulikuja tarehe 19 Februari, 2015, miaka 30 kamili tangu siku ya kwanza. Nick alidhurika kwa heroini aliyoitumia, katika nyumba ile ile alimouawa Reg Cox. Dot alikuwa naye. Aliweza kuita msaada, lakini hakuita. Alisema na Mungu, akaiacha hukumu mikononi mwake, na mwana akafa mikononi mwa mama. Katika mchezo Dot alipatikana na hatia ya kuua bila ya kukusudia, akafungwa. Mwanamke aliyefungua mlango kwa miaka 30 alihukumiwa kwa ajili ya mara moja aliyoiacha simu pale ilipo.

Je, alikosa? Sheria ilisema amekosa, na sheria ilikuwa na haki, maana uhai wa mwovu ni uhai. Lakini swali la historia si la mahakama. Swali ni hili: jamii ilikuwa wapi katika miaka yote hiyo? Katika Albert Square mraibu alikuwa na polisi wa kumkamata, majirani wa kumlaani na mama wa kumficha. Katika mambo yote makubwa ya habari yake, kazi ambayo ingalikuwa ya mganga ilifanywa na ufunguo, na baadaye na sala. Lakini dawa ya methadoni ilikwisha kutumiwa kutibu waraibu wa heroini katika Uingereza kabla mchezo haujazaliwa. Tanzania, ambako unga ulikwisha kuingia mijini na wanaoutumia wakaitwa mateja, ilifungua kliniki ya dawa hiyo katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Huko mgonjwa huja kila siku, hupewa kipimo chake, hurudi kesho. Kurudi, ambako katika mchezo kulikuwa balaa, huko ndiko matibabu.

June Brown alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 95, na EastEnders ungali ukiendelea bila yeye. Nick ana nafasi yake katika historia ya michezo ya mfululizo kwa sababu ubaya wake ulikuwa na mama. Watazamaji waliokuja kumchukia mtoto walijikuta wamekaa miaka 30 pamoja na mzazi, wakimngoja mtu ambaye hawakutaka arudi, na kila hodi ilipopigwa walijua, kama Dot alivyojua, kwamba mlango utafunguliwa.