Asali Mbele ya Maabara: Historia Fupi ya Upimaji wa Masalia ya Viuavijasumu

Kwa muda mrefu ubora wa asali ulithibitishwa kwa jicho, kwa ulimi na kwa jina la mrinaji. Makala hii inafuatilia namna uthibitisho huo ulivyohamia maabara.

Katika karne ya 20, wafugaji wa nyuki katika nchi nyingi walianza kutumia tetrasaiklini na streptomaisini dhidi ya bakteria wanaoozesha majana ndani ya masega. Dawa hizo haziui spora za bakteria, hivyo ugonjwa hurejea, mfugaji hutibu tena, na masalia huingia katika asali.

Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi zinazouza asali katika soko lake ziwe na mpango wa kuchunguza masalia. Sharti hilo lilidhihirika uzito wake mwanzoni mwa 2002, asali ya China ilipozuiwa baada ya kloramfenikoli kugunduliwa katika vyakula vitokanavyo na wanyama kutoka huko. Dawa hiyo huweza kuharibu uboho wa mifupa, ingawa kwa nadra. Mwaka 2003 maabara zilitakiwa ziweze kuibaini hata ikiwa mikrogramu 0.3 kwa kilo, yaani miligramu 0.3 katika tani nzima. Sampuli huchujwa kwanza kwa kipimo cha kingamwili. Zenye shaka huthibitishwa kwa kromatografia na upimaji wa tungamo.

Katika miombo ya Tabora, mrinaji atundikaye mzinga wa gogo hana desturi ya kuwatibu nyuki. Hata hivyo, ili asali yake iingie Ulaya, lazima nchi yake ithibitishe kutokuwepo kwa kitu asichokitumia. Sharti hilo lina mantiki, kwa kuwa asali hupita mikono mingi na huweza kuchanganywa njiani. Lakini gharama yake humlemea zaidi mzalishaji mdogo.

Mzigo mwingine ni wa lugha. Kwa Waswahili asali yenyewe ni dawa. Kumwambia mrinaji kwamba asali njema “haina dawa” ni kumchanganya. Istilahi “masalia ya viuavijasumu” huondoa utata huo, mradi ielezwe. Majibu ya maabara yakitolewa kwa Kiswahili kinachoeleweka, mrinaji ataweza kuyasoma, kuyahoji na kuyatumia anapopatana bei.